Vijumba vya Akiba Kwenye Kona Moja

11 Februari

Mke mwenzangu,

Kama unaisoma barua hii umekaa, simama. Mtu aliyemaliza miaka mitatu bila kukanyaga kwao anasomewa makosa yake akiwa wima. Mtoto wa fundi cherehani alikuwa anatambaa ulipoondoka. Sasa anatukana watu wazima kwa ufasaha. Miti miwili ya uani imekatwa. Mama yako tumemzika, na hukuja.

Sisi hatujambo, tuliobaki. Goti langu linanisumbua na mimi nalisumbua. Wapangaji wote wazima.

Mwandiko huu ni wa Karani, yule mzee wa chumba cha getini aliyestaafu ofisi ya ardhi. Unajua mimi shule niliiona kwa nje, nikipita. Nasema, anaandika, na nimemkataza kunipamba. Hapa alitaka kuweka "nimesikitishwa na ukimya wako". Nimemwambia andika nimekasirika, la sivyo natafuta mwingine mwenye mkono usiotetemeka. Ameandika.

Simu tumeijaribu. Ukisikia sauti yangu unalia, nikisikia unalia nami nalia, tunaagana hatujasema kitu. Karatasi haina kilio. Nijibu kwa karatasi.

Jambo lenyewe ni hili. Chumba cha mama yako, namba tano, kimefungwa tangu asubuhi ile tuliyompeleka hospitali. Muuguzi wa chumba cha kumi alimbeba mikononi kama mtoto, nami nikavuta mlango nikatia kufuli bila kutazama ndani. Mpaka leo sijafungua. Sasa bati la upande wa dirishani limeoza. Fundi wa mabati alipanda, akashuka, akasema, "Bibi, silibandui bati vitu vikiwa chini yake. Vitoe kwanza." Nikamwambia vitu vile havitolewi na mkono wangu. Mama yako alikuwa na mtoto mmoja. Wa kuzikunja nguo zake ni wewe, na wa kusema hii tunagawa na hii tunaweka ni wewe. Mvua zikikutangulia, nguo zitaoza humo humo na mimi sitaingia.

Na hiyo kazi yako isiyo na likizo ni kazi gani? Watu wakiniuliza nasema mjukuu wangu anachora. Wakiuliza anachora nini, naanza kukohoa.

Bibi yako, niliyekufunga nepi.


9 Machi

Shikamoo Bibi,

Nimesimama. Nimeisoma barua yako yote nimesimama, mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama kiti changu kimevunjika.

Mimi sijambo kidogo. Nakaa ghorofa ya nne, chumba kimoja, dirisha langu linatazamana na dirisha la mtu ambaye hafungui pazia. Nakula, usiulize. Msalimie Karani, mwambie mkono wake hautetemeki, namsoma vizuri.

Umeuliza nachora nini. Ndani ya redio yako, ndani ya simu, ndani ya kila kitu siku hizi, kuna kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho. Tunakiita chipu. Ndani yake kuna vijumba mamilioni, na kila kijumba kina kazi moja ndogo sana, kusema ndiyo au kusema hapana. Wenzetu wengine huamua vijumba hivyo viambizane nini. Kikundi changu huamua kila kimoja kikae wapi, na waya wa kukiunganisha na mwenzake upite wapi. Vinavyozungumza sana vikae karibu, maana waya ukiwa mrefu habari inachelewa. Vyenye kelele vikae mbali na vinavyotaka utulivu. Nyaya mbili zisigusane. Zikikutana njiani, mmoja unapanda ghorofa ya juu kupitia tundu, unavuka, unashuka upande wa pili. Chipu yetu ina ghorofa saba za nyaya, na zote saba zikipandana ni nyembamba kuliko unywele.

Kompyuta ndiyo inaanza kupanga. Utacheka ukiiona. Mwanzoni inahamisha vitu kama imelewa, inakubali hata mpangilio mbaya kuliko uliokuwepo. Ni makusudi. Ikishika kizuri cha kwanza tu inakwama hapo, haijui kwamba kizuri zaidi kiko ng'ambo ya kibaya. Kisha kidogo kidogo inapunguza fujo, inatulia, kama chuma kinachoachwa kipoe polepole. Pale iliposhindwa, sisi tunakaa tunasogeza kwa mkono.

Hii tuliyochora ni ya kifaa cha masikio, cha watu wasiosikia vizuri. Mchoro ukikamilika tunaukabidhi kiwandani, na ukishakabidhiwa hakuna kufuta. Tuliukabidhi mwezi wa kumi. Sasa chipu zimerudi na tunazipima.

Kuhusu kuja, nitaandika.

Mjukuu wako.


2 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba. Goti linakusalimu. Karani ananunua miwani mipya, ile ya zamani aliikalia. Mwalimu wa chumba cha saba amepata mchumba na amekuwa mwema ghafla, anafagia hata uwanja usio wake.

Umeandika kurasa mbili na nusu za nyaya na mstari mmoja wa kuja. Nimemwambia Karani anisomee ule mstari mara mbili nikidhani ameruka maneno. Hakuruka.

Lakini kazi yako nimeielewa, na nimekasirika kwamba unalipwa mshahara kwa jambo ambalo mimi nimelifanya miaka thelathini na moja katika nyumba hii ya vyumba kumi na viwili, na sikusomea. Muuguzi anarudi kazini asubuhi anataka kulala. Fundi cherehani asubuhi ndiyo anaanza kukanyaga mashine. Waweke jirani uone. Nikawatenga kwa vyumba vitano, wakapendana wakikutana bombani. Na mpiga tarumbeta nimemhamisha mara nne. Mara ya kwanza nilimweka karibu na choo, nikitumaini harufu itamkata pumzi. Ikamwongezea. Sasa yuko mwisho kabisa, nyuma ya tangi, na akitaka kufanya mazoezi anaingiza mdomo wa tarumbeta ndani ya ndoo. Kwa hiyo usinisimulie vyenye kelele vikae mbali.

Mama yako nilimweka namba tano, ukuta kwa ukuta na mimi. Nikigonga, anagonga. Huo ndio ulikuwa waya wetu, mfupi, hauchelewi. Ukuta ule siugongi tena.

Nina swali moja la kitaalamu. Ninyi hamwachi chumba kitupu? Mimi namba tisa haipangishwi, Karani ni shahidi, ameandika matangazo na mimi nimeyachana. Ni ya mtu aliyefukuzwa, au aliyefikiwa na wageni, au dari limemwangukia. Ukijaza vyumba vyote, siku jambo likitokea unamweka mtu wapi?

Wingu limeanza kukusanyika upande wa kule sokoni. Fundi wa mabati amepita tena. Nijibu la chumba, usinijibu la nyaya.

Bibi yako.


20 Mei

Shikamoo Bibi,

Samahani kwa kuchelewa. Nawatakia afya wote hapo. Mimi ni mzima.

Umeuliza kama tunaacha vyumba vitupu. Tunaacha. Kila mchoro unawekewa vijumba vya akiba, visivyofanya kazi yoyote, vimekaa tu. Chipu ikirudi na kosa, hatubomoi nyumba nzima. Tunachukua kijumba cha akiba kilicho karibu na kosa, tunabadilisha nyaya za ghorofa za juu tu, basi, limerekebishwa.

Yetu imerudi na kosa. Mtu akipaza sauti kupita kiasi, kifaa kinanyamaza kabisa kwa sekunde tatu, ndipo kinaanza kusikia tena. Fikiria mama anayemwita mtoto wake barabarani. Kurekebisha kunahitaji vijumba vinne tu. Akiba ipo, elfu moja na mia mbili, lakini yote imerundikwa kwenye kona moja ya chini, na kosa liko kona ya juu. Waya wa kutoka kule hadi huku ni mrefu mno, habari ingefika imechelewa. Kwa hiyo inabidi kuanza tena kutoka msingi, na kifaa kitachelewa karibu mwaka. Bado tunachunguza kwa nini akiba ilikaa kona moja.

Siwezi kuja kwa sasa. Mwambie fundi aweke turubai.

Mjukuu wako.


14 Juni

Mjukuu wangu,

Turubai limewekwa. Upepo umelitoa. Limewekwa tena na mawe manne juu yake, na jiwe moja limeshaanguka karibu na kichwa cha mwalimu. Wengine hawajambo. Mvua bado, inatishia tu.

Barua yako ilikuwa fupi mpaka Karani aligeuza karatasi nyuma kutazama kama kuna kitu. Nikasema mtu huyu ana jambo. Nami ninalo, basi nitangulie mimi, maana ni mzee na sina wa kumwogopa.

Kila nilipokuambia kwenye simu, tangu mwezi wa tisa, kwamba mama yako ana homa tu, haikuwa homa. Nilijua. Muuguzi alikuwa ameniambia waziwazi, pale bombani, na ndoo yangu ikafurika nikiitazama. Mama yako aliniambia, "Mama, mwite mwanangu." Nikamwambia yuko katikati ya kazi yake kubwa, akimaliza atakuja ametulia, mtakaa vizuri. Akaniambia tena siku ya pili. Nikamjibu yale yale. Nikamkataza muuguzi asikupigie. Nikamkataza Karani asikuandikie. Hapa anapoandika mkono wake umesimama, nimemwambia endelea.

Nilijiona ninajua kupanga watu. Wewe kule kazini kwako, yeye hapa kwangu, halafu baadaye nitawakutanisha. Nilidhani siku zipo. Siku ya mwisho kutwa nzima sikuwa naye hata nyumbani, nilikuwa kwenye foleni ya dawa, na dawa zenyewe ziliisha kabla foleni haijanifikia. Nilirudi usiku, taa yake imezimwa, sikuingia. Kesho yake asubuhi tukambeba kwenda hospitali.

Ndiyo maana siingii namba tano. Unadhani ni heshima. Ni woga. Nimeona nikufunulie kabla hujaja, ili ukiamua kutokuja tena kwa ajili yangu, uamue ukijua.

Bibi yako.


16 Juni

Shikamoo Bibi,

Bado sijapata majibu yako ya barua ya mwezi uliopita na sitayangoja. Nikingoja sitaandika.

Nilikuambia tunachunguza kwa nini vijumba vya akiba vilikaa kona moja. Hakuna tunachochunguza. Ni mimi.

Mama alinipigia, Bibi. Ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi, kwa simu ya mpiga tarumbeta. Aliongea polepole kama anayebeba kitu. Akasema, "Bibi yako anakuficha kwa sababu anakupenda, usimgombeze. Mimi siponi. Njoo." Nikamwambia, "Mama, nipe wiki mbili. Tunakabidhi tarehe ishirini na nane, naondoka siku hiyo hiyo." Akasema, "Sawa. Wiki mbili nazo si nyingi." Akaniuliza nimekula nini. Nikamdanganya hata hilo.

Siku ile kazi yangu ilikuwa kuvitawanya vijumba vya akiba kwenye mchoro wote, kidogo hapa, kidogo pale, ili popote kosa litakapotokea kuwe na cha kusaidia karibu. Nilipokata simu sikuwa naona kioo cha kompyuta. Nikavikamata vyote kwa mara moja, nikavitupa kona ya chini, nikasema nitarudi kuvipanga. Programu ya ukaguzi ikapita. Yenyewe inahesabu tu. Ikaona elfu moja na mia mbili, imetimia, ikaandika sawa. Haiulizi viko wapi. Sikurudi.

Siku ya tisa ukapiga wewe, kwamba mama amefariki.

Ningeweza kuja, hata kwa mazishi. Niliwaambia pasi yangu ya kusafiria imekwisha muda. Haikuwa imekwisha. Nilikaa mezani nikaendelea kusogeza nyaya, kwa sababu nilijua nikisimama nitajua nimefanya nini. Tukaukabidhi mchoro tarehe ishirini na nane kama tulivyopanga. Watu walipiga makofi, nami nikapiga.

Hapa kazini hakuna anayejua. Wanadhani ni hitilafu ya programu. Wewe ndiye wa kwanza.

Sijui kama bado una haja nije.

Mjukuu wako.


10 Julai

Mjukuu wangu,

Barua zetu zimepishana njiani, zimegusana mabega bila kusalimiana. Yangu unayo sasa. Yako ninayo.

Karani aliisoma hapa barazani, saa tatu asubuhi. Alipofika kwenye "nipe wiki mbili" akavua miwani mipya akaifuta, akavaa, akavua tena. Nikamwambia soma, miwani ni mizima. Akasoma mpaka mwisho, akaenda chumbani kwake akajifungia, hakutoka hata kwa chai.

Nimekaa siku kumi sijasema cha kuandika. Nikueleze zilivyokwenda. Ya kwanza nilikuchukia, kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Nilikuita jina ambalo sitamwachia Karani aliandike. Kisha nikataka kwenda kumvunjia mpiga tarumbeta tarumbeta yake, nikafika mlangoni, nikakumbuka kwamba katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye aliyempa mwanangu alichoomba. Nikarudi. Siku zilizofuata sikumchukia mtu, nilikaa tu.

Sitakuambia hukukosea. Ulikosea. Mama anakuambia njoo, unakuja, hata kama dunia nzima inangoja masikio yake. Na mimi nilikosea kabla yako, maana ungeitwa mwezi wa tisa wala usingefika kwenye hizo wiki mbili. Usijaribu kulibeba langu na mimi silibebi lako. Kila mtu na furushi lake, tutembee.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mimi nilikuwa nakuficha hali ya mama yako. Wewe ulikuwa unanificha mimi kwamba unajua. Na yeye, mgonjwa, amelala katikati, akiniona ninavyokuficha na hasemi, akijua unakuja baada ya wiki mbili na hasemi. Watu watatu wa damu moja, na kila mmoja alikuwa anamhurumia mwenzake kwa kufunga mdomo.

Umeniuliza kama bado nina haja uje. Hilo ndilo swali la kipumbavu kuliko yote uliyoniuliza tangu uanze kusema, na uliwahi kuniuliza kama nilizaliwa na mvi.

Nenda kwa mkubwa wako kazini umwambie ni wewe. Usimsimulie uchungu wako kwanza, mwambie kosa kwanza, uchungu aulize mwenyewe. Halafu njoo. Bati linabonyea ukilitazama kutoka chini.

Bibi yako, na Karani anakusalimu kwa hiari yake.


6 Agosti

Shikamoo Bibi,

Nimesoma barua zako mbili, ile ya Juni na ile ya Julai, nimezipanga pamoja. Mara ya mwisho kwenye simu ulisema homa, na mimi nilikuwa nimeshajua si homa, nikasema "atapona". Tulikuwa tunadanganyana watu wawili wanaojua.

Nilimwambia mkuu wetu. Nilianza na kosa kama ulivyosema. Ni mama mtu mzima, mkali, huwa anatuita mafundi cherehani wasio na uzi. Akaniuliza kwa nini siku ile. Nikamwambia. Akasema, "Ungesema asubuhi ile, ningekaa mimi kwenye kiti chako." Basi. Hakunifukuza. Nimeandika barua ya kukiri kosa, imewekwa kwenye faili langu. Mchoro mpya hatanipa mimi, na ni haki yake. Kabla sijaukabidhi kwa mwenzangu wa meza ya pili nimemaliza kazi moja: nimeiandikia programu kanuni mpya. Sasa haihesabu akiba tu, inapima na umbali. Ikiona sehemu yoyote iko mbali na msaada, inagoma.

Nimepata likizo ya mwezi mzima. Nafika Jumamosi, tarehe kumi na nne Septemba, kabla ya saa sita mchana.

Nakuomba kitu kimoja. Usikifungue chumba. Nilikosa kila kitu cha mama, nisikose na hiki. Nataka kufungua kufuli lile kwa mkono wangu.

Mjukuu wako.


27 Agosti

Mke mwenzangu,

Mvua haikusoma barua yako.

Ilianza Jumatatu alasiri, haikupiga hodi. Turubai likaruka na mawe yake. Nikasikia maji yanaanguka ndani ya namba tano, si matone, ni kama mtu anamimina ndoo. Karani alikuwa amenisomea ombi lako siku mbili kabla. Nilisimama mlangoni na ufunguo, nguo zimenilowa mwilini, nikasema huyu mtoto hataki kifunguliwe. Kisha nikasema, nguo zikioza atafungua kufuli akute nini? Nikafungua. Nimekukosea tena, na hili silikatai.

Niliingia nikitazama chini, nikiogopa kuinua macho. Nikayaona maji. Yalikuwa yameanguka sehemu moja tu, sakafuni, chini ya dirisha, mahali patupu. Hakuna nguo iliyolowa. Sanduku kavu, kabati kavu, kitanda kikavu. Ndipo nikashangaa, kwa sababu chini ya dirisha pale ndipo kabati lilipokuwa, miaka yote. Nimelipaka rangi likiwa pale. Sasa lilikuwa nyuma ya mlango. Kitanda nacho kimesogezwa mpaka ukuta wangu, na pale dirishani pamefagiwa, pameachwa wazi.

Nikasema kuna mwizi aliingia. Nikapiga kelele, watu wakaja. Mpiga tarumbeta akaja wa mwisho, akachungulia, akarudi nyuma. Nikamwita. Mtu mzima yule, ana ndevu, akaanza kulia mbele ya wapangaji.

Akasema ile siku niliyokuwa kwenye foleni ya dawa, mama yako alimwita amsaidie kuhamisha vitu. Akamwambia, "Mwanangu anakuja baada ya wiki mbili. Hapendi kulala mbali na hewa. Nataka alale dirishani, na mimi niwe karibu naye." Akamwapisha asiniambie, maana ningesema anajichosha. Kabati walilisukuma wote wawili, yeye akimwambia mama yako aache, mama yako anamjibu, "Wewe sukuma, hunizidi pumzi." Wakamaliza. Halafu mama yako akashuka akalala sakafuni, pale chini ya dirisha, akanyoosha miguu, akamwambia apime kama godoro litaingia. Mpiga tarumbeta akasema linaingia. Mama yako akasema, "Mwanangu ananizidi kichwa kizima. Ongeza." Wakasogeza kitanda tena.

Nilikuwa nakuandalia maneno ya kukutuliza, nimeyaacha. Hukuja, naye alikuwa amekufagilia. Yote mawili yabaki kama yalivyo, sitayapunguza hata moja.

Fundi wa mabati ameshabandua lile bovu na kupiga jipya. Hakuhitaji kitu kitolewe, maana chini yake hapakuwa na kitu. Sakafu imekauka. Nimeingia mara tatu tangu siku ile, peke yangu, sikugusa sanduku wala kufungua kabati. Hizo zinakungoja wewe, na kufuli nimelirudisha ulifungue.

Godoro nimeleta mimi, kutoka namba tisa. Nimeliweka pale. Limeingia, limebaki na nafasi ya kiganja.

Tarehe kumi na nne ukifika, usianze kuzunguka vyumba kusalimia watu, watakuliza kabla sijakuona. Njoo kwangu uchukue ufunguo, ingia, weka mzigo wako, lala pale alipokupimia, hata kama ni mchana wa jua. Kabati usilirudishe lilipokuwa. Mimi nitakuwa upande wangu wa ukuta. Ukiwa tayari tuanze kukunja nguo, gonga.

Bibi yako.